Jogoo wa Kumtoa Mtani Kaburini

(Maneno ya Bibi Theodora katika hafla ya kumuaga mjukuu wake, bondia Nyamizi Kornel, ghala la tumbaku, Goweko)

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, Baba Paroko na Mchungaji, mliokaa benchi moja leo bila kusukumana, Shehe wetu, Kocha Vedasto na vijana wako wa ngumi, watani wetu Wazaramo mliotoka Pwani, wenye midomo isiyofungwa hata kwa kufuli, wazee wenzangu, ambao nusu yenu niliwabeba mgongoni kwa hiyo shikamoo zenu nazidai mpaka leo, akina mama mliounguza macho kwa moshi ili sisi tule: mwadila wote. Kama kuna mkubwa nimemruka, abaki na ukubwa wake, haujapungua.

Msema chochote ameniambia nina dakika tano. Nikamuuliza, "Mwanangu, dakika tano zina urefu gani?" Akasema, "Kama wimbo mmoja, Bibi." Sawa. Wimbo wangu una beti nyingi, na wewe kaa chini.

Nimeitwa hapa mbele kufanya jambo moja tu. Kesho asubuhi mjukuu wangu Nyamizi anapanda treni kwenda Dar es Salaam kupigana ngumi, na katika nyumba yetu mtoto hatoki safari ndefu mpaka mkubwa wa nyumba amnyunyizie maji yenye unga wa mtama na kumtakia njia nyeupe. Mkubwa alikuwa mume wangu, Ezekia. Ezekia tumemzika mwaka huu huu, wengi wenu mlikuwepo. Kwa hiyo kibuyu kimebaki mikononi mwangu. Hiki hapa. Maji yamo, unga umo. Lakini sijanyunyiza, na kabla sijanyunyiza nina ya kusema, na mtanisikiliza kwa sababu wali mmeshakula na hakuna wa kukimbia.

Naogopa.

Mlizoea Bibi Theodora wa kugombana na wapima tumbaku, sivyo? Ni huyo huyo, na anaogopa. Tangu siku Kornel mwanangu aliponionyesha lile bango la pambano kwenye simu yake, naona damu kila mahali. Juzi sokoni nimeona nyanya imepasuka imetoa maji yake, nikageuza uso, yule binti muuza nyanya akadhani nadharau bidhaa yake. Binti, nisamehe, nyanya zako ni nzuri.

Bango lile lina wasichana wawili. Mmoja ni Nyamizi wetu, ambaye amepigana mapambano matatu maishani mwake, na yote ameshinda, na mimi nilikuwepo yote. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa chekechea kutoka Nzega, aliomba msamaha kila alipopiga. Wa pili alitoka Igunga, alikuwa na nguvu za kubeba gunia la mpunga lakini alikuwa anafumba macho. Wa tatu ndiye aliyempiga Nyamizi kidogo, na alipompiga, mjukuu wangu aligeuka akanitafuta kwa macho katikati ya watu, kama alivyokuwa akinitafuta alipochomwa na mwiba. Nyie mlikuwa mnashangilia. Mimi niliona.

Msichana wa pili kwenye bango ni Hafsa, Mzaramo wa Pwani, wanamwita Mchi, kwa jinsi anavyotwanga. Huyo amepigana mara ishirini na zaidi. Ameshafika nchi za watu, ameshapigwa akainuka, ameshapiga watu wasiinuke. Raundi nane. Ndugu zangu, mtu anayejua kutambaa anawekwa kwenye mbio na mtu anayeuza mbio?

Sasa nisiwe mwongo kwa kusema upande mmoja. Kocha Vedasto alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akanywa uji wangu, tukabishana mpaka kuku wakatukimbia. Aliniambia, "Bibi, bondia wa Tabora hapigiwi simu mara mbili. Ukisema hapana leo, promota anafuta namba. Utabaki unapigana na walimu wa chekechea mpaka unapata mvi." Nikamwambia, "Mvi si ugonjwa." Akacheka. Halafu akanitajia Mahona, na hapo nikamwongezea uji, kwa sababu habari za Mahona ni za kweli.

Mahona mnamjua, ndiye anayelinda lango la hapo nje, na amenipa ruhusa nimseme. Mahona alilelewa na kocha wake wa zamani kama yai. Kila mwaka analetewa vijana waliokuja kwa ajili ya soda na nauli, anawaangusha, tunampigia vigelegele, tunamwita Simba. Hajawahi kutoka damu puani. Alipofika miaka thelathini na ushee ndipo akaletewa mwanamume wa kweli kutoka Mwanza. Mahona mwenyewe ananisimulia: "Bibi, ile ngumi ya kwanza haikuniuma. Ilinishangaza. Nilikuwa sijui kumbe ngumi ndivyo zilivyo." Akakaa chini ulingoni, akakataa kusimama, akavua glovu, akaenda kuomba kazi ya ulinzi. Simba wetu alikuwa amefugwa. Kwa hiyo Vedasto ana haki anaposema kwamba anayemficha mtoto asiguswe naye anamwua, ila anamwua taratibu.

Ninyi nyote mmekausha tumbaku. Mnajua kwamba jani bichi ukilikolezea moto kabla halijageuka manjano, linakauka na ukijani wake, na hakuna moto wa pili wa kulirekebisha. Mnajua pia kwamba ukiogopa moto, ukaliacha kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia, linajivundika tu, linaoza na kuwa jeusi. Nani kati yenu hajapata hasara zote mbili? Mimi sijui ngumi. Sikuingia darasani hata kuchungulia. Siwezi kumwambia Vedasto lini jani la mtu limegeuka. Lakini yeye nilimuuliza, pale pale kigodani: "Vedasto, nitazame. Huyu mtoto ameiva kwa huyu Hafsa?" Akatazama uji. Nikasema, "Si kwenye bakuli, kwangu mimi." Akasema, "Bado, Bibi. Labda baada ya mapambano mengine matano, sita. Lakini nafasi imekuja sasa."

Bado! Kocha mwenyewe amesema bado. Basi nani ameamua?

Kabla sijajibu, yupo mtu mwingine katika ghala hili ambaye lazima nimtaje. Mama yake, Josepha, amenipa ruhusa, na mwenyewe nimemwomba, akanishika mkono. Ni Modest. Msigeuke kumtazama. Nimesema msigeuke! Mnamjua alivyo. Nataka niwakumbushe alivyokuwa. Modest alikuwa na miguu kama ya swala, alipiga gunia la mchanga hapo kwenye nguzo ile mpaka likachanika, na alikuwa na kiburi kizuri cha ujana. Akaletewa pambano kubwa mapema, mjini, mbele ya taa. Tukasema, nafasi imekuja. Alikwenda, akapigwa raundi zote, hakuanguka. Hakuanguka hata mara moja, na sisi tukamsifu kwa hilo! Akarudi na basi, akala ugali, akacheka na wenzake. Wiki zikapita. Ndipo Josepha akaanza kuona mtoto anafunga kifungo cha shati kwenye tundu la jirani. Leo Modest anabangua karanga, punje na maganda anatia bakuli moja. Siku nyingine anamwita mama yake dada. Ana miaka mingapi? Ni mdogo kuliko mapadre wageni wanaotujia. Na yule aliyemletea nafasi ile, Josepha anasema hajawahi kuja hata kuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Ndiyo maana naogopa. Siogopi Nyamizi kushindwa. Kushindwa ni kitu cha kawaida, mimi nimeshindwa na mvua, na nzige, na huyu Ezekia kwenye bao. Naogopa kwamba hataanguka. Naogopa atasimama kwa ajili yetu, raundi zote nane.

Sasa, nani ameamua? Hapo ndipo tunapofika kwa watani.

Watoto wa siku hizi huenda hamjui. Wazee wetu wa Kinyamwezi walitoka Kwihara na mizigo vichwani mpaka Pwani, na wakifika Uzaramo walikuwa wamechoka na wana njaa, wakagombana na Wazaramo kwa ajili ya maji na chakula, wakapigana hata wakachoka kupigana. Wakapatana. Na mapatano yao yakawa utani: mimi na wewe tutatukanana, tutanyang'anyana, na hakuna kununa. Ndiyo sababu Mnyamwezi akifa, mtani wake Mzaramo anakuja kutuliza msiba kwa fujo. Ni jambo zuri. Lilinifaa mimi mwenyewe siku ya kumzika Ezekia.

Siku ile Bwana Pazi alikuja. Yule pale, mwenye fulana nyekundu, anajifanya haelewi. Pazi ni mtani wetu tangu kwa babu zake, na kazi yake ni promota wa ngumi huko mjini. Jeneza limefika, kaburi limechimbwa, Pazi akashuka kaburini na viatu vyake vinavyong'aa, akalala chali, akafumba macho. Akasema, "Huyu mzee alijidai ana kiti kizuri mbinguni, mimi nimewahi nafasi yake. Sitoki!" Watu wakacheka. Mimi mfiwa nikacheka na machozi yangu. Desturi ni nini? Mtani akilala kaburini anapewa kitu ndipo atoke: jogoo, mtungi wa asali, fedha ya soda. Kornel mwanangu akamwuliza, "Mtani, unataka nini?" Na Pazi akafumbua jicho moja, akamwona Nyamizi amesimama pale na kanga ya msiba, akasema, "Nipeni huyu binti akatwangwe na Hafsa wetu!" Na Kornel, kwa mdomo wake niliomzalia mimi, akasema, "Mchukue! Na mje na machela ya kumbebea huyo Hafsa!" Makaburi yote yakacheka. Pazi akatoka. Tukamzika mzee.

Jogoo hakutolewa. Mnaona kosa? Mtani alitoka kaburini kwa neno, wala hakutoka kwa jogoo.

Baada ya hapo bango likaja. Nikamwita Kornel. Nikamwambia, "Ulikuwa unatania, rudisha." Akasema, "Mama, neno nililomtolea baba yangu kaburini nitalirudishaje? Baba atalala vipi?" Nikamwita Pazi kwenye simu. Akasema, "Bibi, mimi nilidhani Wanyamwezi mkiahidi, hata kwa utani, ahadi ni ahadi. Nimeshamwambia kila mtu." Na simlaumu sana, naye ana watu wake. Kila mmoja ameshikwa na mwenzake, kama mbuzi waliofungwa kamba moja.

Halafu nikamwita Nyamizi. Nikamkalisha, nikamkanda mabega kama ninavyomkanda baada ya mazoezi. Nikamwambia, "Mama yangu, unataka kupigana na huyu mwanamke?" Akasema, "Nataka, Bibi." Nikasema, "Unamwogopa?" Akasema, "Simwogopi." Nikaendelea kukanda. Mabega yalikuwa magumu kama mti. Baadaye sana akasema, kwa sauti ndogo, "Bibi, Babu alizikwa kwa jina langu. Nisipokwenda, amezikwa kwa uongo."

Ndugu zangu! Mtoto anakwenda kupigwa kichwani ili maiti ilale vizuri. Baba Paroko, Mchungaji, Shehe, ninyi watatu mna vitabu vitatu. Kuna kimoja kinachosema hivyo? Naona mnatikisa vichwa. Asanteni.

Ezekia nilikaa naye miaka mingi kuliko umri wa Diwani wetu. Mwanamume yule hakuwahi kumlaza njaa mbwa wa jirani. Leo atake mjukuu wake apasuliwe jicho ili yeye apate usingizi? Kornel, baba yako huyo unayemsema wewe ni yupi? Mimi simfahamu.

Basi tumalize lililobaki. Mama Recheli, lete yule jogoo. Mlete, usimwogope, amefungwa miguu. Mnamwona? Mwekundu, mkia mrefu, nimemlea mwenyewe kwa chenga za mtama. Bwana Pazi, mtani wangu, simama. Njoo mbele. Usimtazame Diwani, hana msaada kwako hapa. Mbele ya wazee, mbele ya watu wa dini, mbele ya Wazaramo wenzako, nakutoa kaburini mwa mume wangu. Ulitoka kwa neno la mwanangu; nalirudisha neno, nakupa jogoo. Pokea.

Anasemaje? Semeni kwa sauti nyie mlio karibu, masikio yangu ni ya zamani. Anasema jogoo amekonda! Amekonda kama nani, wewe uliyeshindwa kulijaza kaburi la mzee? Pokea!

Amepokea. Mmeona wote. Vigelegele baadaye, akina mama, ngojeni kidogo. Sijamaliza.

Maana hofu haijaondoka. Pazi sasa anaweza kusema, na amenong'ona hapa akimshika jogoo wake, kwamba pambano bado lipo kama binti analitaka, na kwamba kama halitaki, siku hiyo hiyo kuna msichana anaitwa Najiat, mwenye mapambano manne, anatafuta wa kupigana naye raundi nne. Mtani, Mungu akubariki, ungenong'ona hivyo tangu mwanzo ningelala.

Nyamizi. Simama nikuone, mama yangu. La, usiseme kitu. Funga mdomo. Naona unataka kujibu, na hapa ndipo ninapokukataza. Mbele ya watu mtu hasemi hapana. Baba yako hakuweza mbele ya watu. Modest hakuweza mbele ya watu. Ukijibu sasa, jibu litakuwa la hili ghala, la hizi pilau na hivi vifijo, la glovu mpya alizokuletea Mheshimiwa Diwani. Mheshimiwa, glovu ni nzuri sana, na hazirudi, hata asipokwenda.

Kwenu nyote nina ombi, na si ombi: hakuna atakayemuuliza mtoto huyu usiku wa leo. Asiulizwe na rafiki wala shangazi, na wewe Kornel pia usimuulize. Vedasto, wewe peke yako utazungumza naye, na utamwambia lile uliloniambia mimi kwenye kigoda, lile la "bado", kwa sababu hujamwambia. Najua hujamwambia. Ulimwogopea moyo usivunjike. Afadhali moyo uvunjike nyumbani, bibi yake yupo.

Na wewe, Nyamizi, sikiliza. Kama ni Hafsa, ni Hafsa. Kama ni Najiat, ni Najiat. Kama si yeyote, kuna karanga za kupalilia. Asubuhi nitakuwa stesheni, na mfuko wangu, na kibuyu hiki. Ukija, nitakunyunyizia pale pale kwenye reli, na tutapanda wote, na Vedasto ameshakubali kwamba taulo la kurushwa ulingoni kusimamisha pambano nitalishika mimi. Sijui kuhesabu raundi, lakini huo mkono wa kurusha ninao, waulizeni mbuzi wa Goweko. Na nikilirusha mapema mno, utanichukia, na nitaishi na chuki yako kwa furaha.

Usipokuja, treni itapita, nitaipungia, nitarudi nyumbani kukaanga maandazi, na sitakuuliza kwa nini.

Nitaogopa ukija. Nitaogopa usipokuja, maana huenda nitakuwa nimekukata mabawa kwa hofu yangu ya kizee, ukaishia langoni pamoja na Mahona. Sina mahali pa kukaa nisiogope. Lakini hofu hii ni yangu, nitaibeba mwenyewe, usije ukanibebea.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee, watani, wapishi, asanteni kwa kuja, asanteni kwa kutogeuka pale nilipowaambia msigeuke. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa pigeni hivyo vigelegele vyenu, halafu kila mtu aende kwake, mtoto huyu alale.